Mwanza hadi Guangzhou: ni kilomita ngapi angani, na masaa mangapi mlango hadi mlango?

Makoroboi_Jumla

Wakuu, habari za jioni. Maonesho ya Canton ya Oktoba (yale makubwa ya biashara ya Guangzhou, China) yanakaribia na wafanyabiashara wa jumla hapa Mwanza wameanza kupiga hesabu za safari. Mtandaoni kila tovuti ina namba yake. Moja inasema Mwanza–Guangzhou ni 9,135, nyingine 9,560, nyingine inaandika 4,932 bila kusema ni kipimo gani. Muda ndiyo kabisa: 10, 16, 27.

Naomba wenye kuzielewa hesabu hizi watufafanulie. Umbali ni upi, ndege inakaa angani kwa muda gani, na mtu akiondoka Ilemela atashuka Baiyun, uwanja wa ndege wa Guangzhou, lini? Tafadhali asije mtu akasema "inategemea" akaishia hapo. Aseme inategemea nini na kwa kiasi gani.

---

Latitudo_Kusini

Mkuu, namba zote ulizotaja ni sahihi, ila zinapima vitu tofauti.

9,135 ni kilomita za mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia kutoka uwanja wa Mwanza hadi Baiyun, kana kwamba kuna ndege inayokwenda moja kwa moja. Haipo, lakini kikokotoo hakijali. 4,932 ni umbali huohuo kwa maili za baharini, kipimo ambacho marubani hutumia. Maili moja ya baharini ni mita 1,852. Na 9,560 ni njia ya kupitia Dar: 852 za Mwanza–Dar, jumlisha 8,711 za Dar–Guangzhou.

Angalieni kitu hapo. Watu wanalalamika kwamba kupitia Dar ni kurudi nyuma, eti unakwenda kusini-mashariki wakati China ipo kaskazini-mashariki. Kwa hesabu, mzunguko huo unakuongezea kilomita 428 tu katika elfu tisa, sawa na nusu saa ya ndege kubwa. Kinachokula muda wako Dar si kilomita.

Anayetaka kuhakiki mwenyewe, hizi hapa latitudo na longitudo: Mwanza 2.4445 kusini, 32.9327 mashariki. Dar (JNIA, uwanja wa Julius Nyerere) 6.878 kusini, 39.2026 mashariki. Guangzhou 23.3924 kaskazini, 113.2988 mashariki.

Safari fupi kama Mwanza–Dar inapigika kwa kalamu. Tofauti ya latitudo ni digrii 4.4335, zidisha kwa 60 upate maili 266 za baharini. Tofauti ya longitudo ni digrii 6.27, zidisha kwa 60, kisha kwa kosaini ya latitudo ya katikati (4.66), upate 375. Kipeo cha pili cha 266, jumlisha kipeo cha pili cha 375, tafuta kipeuo: 460. Mara 1.852 ni kilomita 852. Kwa barabara ni kama 1,150, ndiyo maana msichanganye namba za basi na za ndege.

Kwa safari ndefu njia hiyo haifai kwa sababu dunia imepinda. Tumia hii:

cos C = sin L1 × sin L2 + cos L1 × cos L2 × cos D

L1 na L2 ni latitudo mbili, D ni tofauti ya longitudo. Dar–Guangzhou: D ni 74.096. Sehemu ya kwanza inatoa −0.0475, ya pili 0.2497, jumla 0.2021. Kosaini kinyume ya hiyo ni digrii 78.34. Zidisha kwa 111.195 (kilomita za digrii moja): 8,711.

---

Mama_Vitenge

Kaka Latitudo, nimefuata hatua zako kwenye kikokotoo cha simu, Dar–Guangzhou nimepata 8,085. Kasoro iko wapi?

---

Latitudo_Kusini

Dada, hujaweka alama ya kutoa kwenye latitudo ya Dar. Kusini mwa ikweta lazima iwe −6.878. Ukiiweka chanya, kikokotoo kinaihamishia Dar juu ya ikweta, upande wa Guangzhou, na zaidi ya kilomita 620 zinayeyuka. Sisi wa kusini ndio tunaoumia na hili, maana mifano mingi ya vitabuni imeandikwa kwa miji ya kaskazini na haioneshi alama hiyo.

Makosa mengine yanayorudi kila mara: kikokotoo kipo kwenye radiani badala ya digrii, na hapo jibu linakuwa la ajabu kabisa kiasi kwamba utajua tu. Hatari zaidi ni lile lisiloonekana, la kuchukua digrii na dakika ukaziandika kama desimali. Mwanza ni digrii 2, dakika 26, sekunde 40. Mtu anaandika 2.2640, kumbe dakika 26 na sekunde 40 ni 0.4445 ya digrii. Umekosea kilomita 20 kabla hata hujaanza.

Na maili. Tovuti ikikupa maili 4,703 za Dar–Guangzhou, hizo ni za baharini. Ukizidisha kwa 1.609 kama maili za barabarani utapata 7,567 na utakuwa umeitupa baharini zaidi ya kilomita elfu moja na mia moja.

Dunia yenyewe si duara kamili: nusu-kipenyo chake kwenye ikweta ni kilomita 6,378, nchani 6,357. Ndiyo maana tovuti mbili makini zinaweza kutofautiana kilomita kumi au ishirini kwa safari hii. Tofauti ya namna hiyo msiihangaikie.

---

Kirumba_Mwaloni

Njia ya mkato: gcmap.com, andika MWZ-DAR-CAN, inakupa umbali na ramani. MWZ ni Mwanza, CAN ni Guangzhou, si Kanada.

---

Nyuzi64

Umbali mmeumaliza, nije kwenye njia yenyewe, kwa sababu wengi wanadhani ndege inaambaa Somalia, Uarabuni, kisha inakata kulia.

Mstari mfupi wa Dar–Guangzhou unaondoka Dar kwa mwelekeo wa digrii 64, yaani kaskazini-mashariki ukielemea mashariki. Unakata ikweta baharini kwenye longitudo 53, mbali na pwani ya Somalia. Kisha ni Bahari ya Hindi tupu mpaka Kerala, kusini mwa India, karibu na latitudo 11 kaskazini. Unakatiza nchi na kutokea Chennai, tena karibu juu ya mji wenyewe. Ghuba ya Bengal, Myanmar kaskazini ya Yangon, Chiang Rai ya Thailand, kaskazini kidogo ya Hanoi, halafu Guangzhou. Chukua uzi na tufe la shule, uvute kati ya miji hiyo miwili, utaona unapita hapohapo.

Jambo linalonivutia kwenye njia hii ni kwamba kwa kuwa inakatiza ikweta, mstari ulionyooka kwenye ramani ya ukutani unakaribiana sana na mstari mfupi wa kweli. Tofauti ni kilomita kama 19 tu. Ingekuwa Beijing–New York, ramani ya ukutani ingekudanganya vibaya, kwa sababu njia fupi pale inapita karibu na Ncha ya Kaskazini.

Ndege halisi haifuati mstari huo kwa asilimia mia. Inapita kwenye njia za anga zilizopangwa, inakwepa mawingu ya radi Ghuba ya Bengal, inapangwa foleni kuingia Guangzhou. Ongeza asilimia 3 kwa makisio ya wastani; siku mbaya 5.

Sasa muda. Boeing 787 husafiri Mach 0.85, yaani asilimia 85 ya mwendo wa sauti. Kwenye futi 37,000, hewa ikiwa nyuzi joto 56 chini ya sifuri, sauti inakwenda mita 295 kwa sekunde. Mara 0.85 ni mita 251 kwa sekunde, sawa na kilomita 903 kwa saa. Kilomita 8,711 ukiongeza asilimia 3 ni 8,972. Gawanya kwa 903: masaa 9 na dakika 56. Ongeza dakika 35 za kutembea ardhini, kupaa na kushuka, ambapo ndege haiko kwenye mwendo huo. Jumla 10:30 toka gurudumu lianze kusogea mpaka lisimame.

Hiyo ndiyo "10" ya mleta uzi.

---

Upepo_wa_Ziwa

Nyuzi64 umefanya hesabu ya hewa tulivu. Hewa ya juu haitulii.

Kilomita 903 kwa saa ni mwendo wa ndege ndani ya hewa. Hewa yenyewe ikisogea mashariki kilomita 40 kwa saa kwa wastani wa njia nzima, mwendo juu ya ardhi unakuwa 943 na muda wa angani unashuka hadi 9:31. Ukirudi, hewa ileile inakupiga usoni: 863, masaa 10 na dakika 24. Tofauti ya kwenda na kurudi ni dakika 53, ndege ileile, njia ileile.

Kuanzia Desemba hadi Machi kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki juu ya India kaskazini na China kusini. Kiini chake kinazidi kilomita 200 kwa saa. Safari yetu inaugusa sehemu yake ya mwisho tu, baada ya Thailand, kwa hiyo hupati upepo wote, unapata sehemu. Safari ya Dubai–Guangzhou inakaa ndani yake kwa muda mrefu zaidi, na ndiyo maana kipindi hicho kurudi Dubai ni kurefu waziwazi.

Juni hadi Septemba mambo yanageuka. Juu ya India kusini, kwenye latitudo za Chennai, unajengeka mkondo mwingine unaovuma kutoka mashariki kwenda magharibi. Huo unampunguza anayekwenda na kumsukuma anayerudi. Kwa hiyo mtu akisema "kurudi daima ni kurefu", mwambie ataje mwezi.

---

Makoroboi_Jumla

Wabeja sana wakuu. 10 nimeielewa, ni ya angani kutoka Dar. Sasa 16 na 27 zinatoka wapi?

---

Kaunta_ya_Tiketi

Hapo tunaingia kwenye kazi yangu. Nitatumia mfano wa saa za kubuni, si ratiba ya kampuni yoyote.

Mwanza–Dar kwa ndege ya jeti kama A220 weka 1:30 pamoja na kutembea ardhini. Q400, ya pangaboi, ni kama 1:40. ATR 72 inayokwenda kama kilomita 500 kwa saa inafika masaa 2. Chukua 1:30, kusubiri Dar masaa 4, kisha 10:30 ya Guangzhou: jumla 16. Hiyo ndiyo safari nzuri kuliko zote unayoweza kuitarajia, na inapatikana pale tu ratiba mbili zinapokubaliana.

27 inakuja hivi. Tuseme ya Guangzhou inaondoka Dar 10:00 asubuhi. Hakuna ndege ya Mwanza itakayokufikisha Dar saa 12 asubuhi ukiwa umetoka nyumbani na usingizi wako. Inabidi uondoke jana yake. Ukipanda ya 17:30 unashuka Dar 19:00, unasubiri masaa 15, kisha unaruka 10:30. Jumla 27. Katika hayo 27, angani ni 12 tu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni kilomita ngapi, uliza ndege ya kimataifa inaondoka Dar saa ngapi. Inayoondoka usiku inamfaa mtu wa Mwanza kuliko ya asubuhi, maana mchana mzima unao wa kuunganisha.

Na hapa ndipo watu wanapodanganywa na neno "moja kwa moja". Linganisha na za kupitia Addis Ababa au Dubai. Dar–Addis 1,764 na Addis–Guangzhou 8,038, jumla 9,802. Dar–Dubai 3,978 na Dubai–Guangzhou 5,827, jumla 9,805. Viwanja viwili vilivyo mbali namna ile na njia zinalingana! Zote zinazidi ile ya moja kwa moja kwa kilomita 1,090 hivi, saa moja na dakika kumi na kitu za mwendo.

Kwa muda: Dubai ni 5:30 na 7:15, Addis ni 2:50 na 10:00, makisio ya karibu. Ukiweka Mwanza–Dar 1:30, kusubiri Dar 4, kusubiri Dubai 3, unafika baada ya 21:15. Kupitia Addis ukisubiri masaa 2 ni 20:20. Yaani safari yenye kituo cha ziada inaweza kukufikisha masaa sita kabla ya ile ya moja kwa moja iliyokulaza Dar. Siwakatazi ya moja kwa moja, mizigo ina usalama zaidi ikipakiwa na kushushwa mara chache. Ninachosema ni kwamba pimeni kuanzia Mwanza, msipime kuanzia Dar.

---

Mama_Vitenge

Na kusoma muda kwenye tiketi? Naona 10:00 kuondoka, 01:30 kufika, hapo ni masaa 15 na nusu.

---

Kaunta_ya_Tiketi

Si 15:30, mama. Kila saa kwenye tiketi ni ya mji husika. Tanzania iko masaa 3 mbele ya saa ya kimataifa, China 8 nchi nzima, na hakuna kati yetu anayebadilisha saa kwa msimu. Tofauti ni 5 mwaka wote. Ukiondoka Dar 10:00, kwa saa ya Dar unatua 20:30. Ongeza 5, Guangzhou ni 01:30 ya siku inayofuata. Tiketi itaandika 01:30 na pembeni alama ya +1. Watu wengi hawaioni hiyo +1 na wanabuku hoteli tarehe isiyo yake.

Kurudi ni kinyume. Unaondoka Guangzhou 03:00, unatua Dar 09:00, inaonekana masaa 6. Hapana: 03:00 ya kule ni 22:00 ya huku jana yake, kwa hiyo ni masaa 11.

Hesabu ambayo haikosei hata kama hujui tofauti ya saa: chukua muda unaoonekana wa kwenda (15:30) na wa kurudi (6:00), jumlisha, gawanya kwa mbili. 10:45. Tofauti ya saa inajifuta yenyewe, unabaki na wastani wa safari. Inafanya kazi kwa mji wowote duniani, mradi tarehe zote mbili ziwe msimu mmoja wa saa kwa nchi kama Uingereza zinazobadilisha.

Sasa linalowaumiza watu zaidi ya yote. Ndege imeandikwa 01:20, tarehe 15 Oktoba. Kwa saa zetu hiyo ni saa 7 na dakika 20 usiku. Lakini ni usiku upi? Ni ule unaoanza jioni ya tarehe 14. Tarehe ya tiketi inabadilika saa 6 usiku, wakati sisi akilini usiku wa tarehe 14 unakwenda mpaka alfajiri. Mtu anakaa nyumbani tarehe 14 akijua kesho usiku ndiyo safari, anafika uwanjani saa 4 usiku ya tarehe 15, ndege imeshaondoka tangu karibu masaa 21. Tiketi yoyote yenye muda kati ya 00:00 na 05:00, andika kwenye kalenda: "kuripoti uwanjani jioni ya siku moja KABLA". Na ya Mwanza–Dar ibuku ya mchana wa siku hiyo ya kabla.

---

Ng'wana_Ilemela

Swali kwa wataalamu. Dreamliner (hiyo Boeing 787) inakwenda mbali sana, kwa nini isiondokee hapa Mwanza moja kwa moja? Kilomita 9,135 si tatizo kwake.

---

Nyuzi64

Umbali si tatizo kabisa, mkuu. Boeing wanaitaja 787-8 kuwa na masafa ya kilomita 13,530. Tatizo la kwanza ni kupaa ikiwa imejaa.

Uwanja wa Mwanza uko futi 3,763 juu ya usawa wa bahari, kama mita 1,147. JNIA iko mita 55. Kwenye kimo cha Mwanza joto la kawaida la hesabu za anga ni nyuzi 7.5. Mchana wa nyuzi 29 umezidi kwa 21.5. Kila nyuzi inayozidi huongeza futi 120 za kimo ambacho ndege "inahisi". 21.5 mara 120 ni 2,580. Jumlisha 3,763, unapata zaidi ya futi 6,300. Yaani saa 8 mchana ndege inapaa Mwanza kama vile uwanja uko mita 1,900.

Hewa ikiwa nyepesi hivyo, injini zinasukuma kidogo na mabawa yanahitaji mwendo wa ardhini mkubwa zaidi, kama asilimia 10, ili kunyanyua uzito uleule. Njia ya kurukia inahitajika ndefu, na breki za kusimamisha ndege endapo kupaa kutasitishwa zinabeba joto kubwa. Suluhisho la rubani ni kupunguza uzito. 787-8 inakula takriban tani 5 za mafuta kwa saa, kwa hiyo masaa 11 na akiba ni zaidi ya tani 55. Mafuta hayapunguziki, njia ni ileile. Kinachoshushwa ni abiria na mizigo, na hapo biashara inakufa. Kutoka Dar ndege hiyohiyo inapaa imejaa.

Addis iko juu zaidi, mita 2,334, na inarusha ndege ndefu kila siku. Lakini ina njia ndefu, inapakia kwa hesabu hiyo, na ina abiria wa kuunganisha kutoka bara zima. Mwanza ingehitaji watu mia mbili na zaidi wa kwenda Guangzhou kwa siku moja.

---

Kirumba_Mwaloni

Vipi Nairobi au Entebbe? Entebbe ni hapo ng'ambo ya ziwa.

---

Latitudo_Kusini

Kwa mstari Mwanza–Entebbe ni kilomita 280 tu, lakini bila ndege ya moja kwa moja unazunguka kwa barabara kupitia Mutukula na faida yote inaisha. Nairobi ni 460 kwa mstari, na Nairobi–Guangzhou ni 8,680, sawasawa na Dar. Kwa basi kupitia Sirari unaongeza usiku wa barabarani na mpaka. Mwenye ofa nzuri sana ya tiketi ya Nairobi apige hesabu, wengine waende Dar.

---

Upepo_wa_Ziwa

Kabla hamjabuku ile ya Mwanza–Dar, zingatieni mvua za ziwa. Usiku upepo wa nchi kavu unashuka ziwani kutoka kila upande, unakutana katikati na kuinua hewa yenye unyevu. Ngurumo zinajengeka juu ya maji kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Alasiri mawingu yanahamia nchi kavu. Oktoba hadi Desemba na Machi hadi Mei hali hii ni ya kawaida, na uwanja wetu uko ukingoni mwa maji.

Rubani akikuta wingu la radi kwenye mstari wa kutua, anazunguka au anasubiri. Ndege ikichelewa kuja kutoka Dar, inachelewa kurudi Dar. Katika miezi hiyo msikate kusubiri Dar chini ya masaa 4.

---

Kaunta_ya_Tiketi

Nakubaliana, na niongeze: masaa 4 ni kama tiketi zote ziko kwenye namba moja ya uhifadhi. Hapo ndege ya kwanza ikichelewa, aliyekuuzia ana wajibu wa kukupangia nyingine, na begi linaandikishwa Mwanza hadi Guangzhou. Soma kibandiko wanachokukabidhi kaunta: lazima kiwe na CAN mwishoni. Kikiishia DAR, begi linakusubiri Dar, na usipolichukua litabaki hapo.

Tiketi mbili tofauti ni habari nyingine. Ya Guangzhou haijui kama ulichelewa kutoka Mwanza. Kaunta ikifungwa umepoteza. Unachukua begi, unahamia jengo la tatu la safari za nje, unaandikisha upya. Kwa tiketi mbili mimi nashauri ufike Dar jana yake, hata kama ndipo tunaporudi kwenye 27. Gharama ya gesti ya usiku mmoja ni ndogo kuliko tiketi mpya.

Angalia kilo pia. Tiketi nyingi za ndani ni begi la kilo 23. Ya nje inaweza kukupa mabegi mawili ya 23. Ukiwa na tiketi mbili tofauti, kilo za ziada utazilipia kwenye kipande cha Mwanza–Dar.

---

Makoroboi_Jumla

Na kurudi je? Tuseme ndiyo ile inayotua Dar 09:00.

---

Kaunta_ya_Tiketi

Dar ndipo unapoingia nchini, kwa hiyo uhamiaji na forodha unazimaliza hapo, na kwa kawaida mabegi unayachukua hapo hata kama kibandiko kinasema MWZ. Yapitishe forodha, kisha yaandikishe tena. Mwenye bidhaa za biashara aweke risiti za manunuzi kwenye begi la mkononi, si ndani ya begi kubwa, kwa sababu maswali yanaulizwa kabla begi halijafunguliwa. Hapo weka masaa 2 hadi 3.

Ukitua 09:00, ya Mwanza ibuku kuanzia 14:00. Ya 14:00 inakufikisha 15:30, ambayo kwa saa ya Guangzhou ni 20:30. Uliondoka kule 03:00, kwa hiyo safari nzima ya kurudi ni masaa 17 na nusu.

Mnaokwenda Oktoba: ukitua Guangzhou 01:30, treni za chini ya ardhi zimeshafungwa na mji uko kama kilomita 28. Panga teksi au hoteli ya karibu na uwanja kabla hujaondoka Mwanza, na hoteli hiyo ibuku kwa tarehe ya usiku unaoanza KABLA ya kutua, la sivyo watakuambia chumba ni kuanzia saa 8 mchana.